Mahali pa Kulia

4 Februari

Binti yangu,

Barua yako ya shule, ile ya "mahali pa kulia", haikuliwa na mchwa. Ninayo. Nimekudanganya miaka thelathini na mitatu, wewe na wote waliowahi kusikia hadithi hiyo, kuanzia wageni wa harusi yako hadi wenzangu siku ya kuagwa kazini. Iko kwenye bahasha ya kahawia, chini ya soksi, droo ya pili.

Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu, nikifika ukurasa wa pili ujasiri unakuwa umekwisha na ninakuulizia hali ya hewa. Sasa salamu.

Hamjambo huko? Mimi ni mzima kwa kiasi anachoweza kuwa mzima mtu wa miaka themanini na miwili. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nikamwambia hata mimi nimeuchoka, hatudaiani. Muuguzi huja asubuhi na jioni, huandika kwenye daftari lake nilivyokula na nilivyolala. Juzi nilichungulia nikakuta ameandika "mgojwa ana ubishi". Nikachukua kalamu nikamwekea herufi yake iliyokosekana. Jioni akaandika: "Mgonjwa amekataa dawa. Amesahihisha daftari." Huyo naye ananijaribu. Jirani, Bwana Redio, ameongeza sauti tena, maana anaamini ukuta mzima una uziwi kama wangu.

Nimeipata barua yako ya mwaka mpya. Uliandika ukurasa mzima juu ya goti la mumeo, nusu ukurasa juu ya mvua, na katikati, mistari miwili tu, kwamba Kengele alikutwa shuleni ndani ya kabati la mipira, analia, na kwamba walimu wamekuamuru uhudhurie vikao sita vya "ushauri nasaha kwa wazazi". Kwanza, ushauri ni nasaha na nasaha ni ushauri. Huyo aliyeunganisha maneno hayo ni kama mtu anayevaa kofia mbili kwa kichwa kimoja. Pili, mistari hiyo miwili nimeisoma mara nyingi kuliko goti.

Mjukuu wangu tulimwita Kengele kwa sababu alipozaliwa mtaa mzima ulijua. Ameanza lini kulia kabatini?

Kuhusu barua ile nitakueleza. Leo muuguzi amekwisha kusimama mlangoni na daftari lake.

Baba yako

*

1 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Goti la mume wangu limepona baada ya kuambiwa na kila mtu kwamba linachosha kulisikiliza. Kazini kuna lifti moja ya jengo la ghorofa kumi na nne inayokwama mara mbili kwa wiki kwa sababu kuna mtu anauzuia mlango kwa kiti. Nimebandika tangazo. Wameliondoa tangazo, wamebakiza kiti.

Sasa, Baba. Mtu hawezi kuandika "ninayo" kisha akaendelea na redio ya jirani! Niliisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za kazini, nikageuza ukurasa nikitafuta mwisho wake, nikakuta daftari la muuguzi. Nilipiga kelele peke yangu. Mlinzi akaja kuuliza kama kuna mtu amekwama.

Unaiulizia habari ya Kengele, basi sikia. Mwalimu wa michezo alifungua kabati akamkuta amekaa katikati ya mipira. Akamuuliza, "Unafanya nini humu?" Mtoto akamjibu kwa adabu zake zote, "Nalia, mwalimu. Nakaribia kumaliza." Akasubiriwa, akamaliza, akatoka, akaenda kwenye somo la hesabu. Ikaonekana huwa anafanya hivyo karibu kila wiki tangu rafiki yake alipohamishwa shule. Kwangu hajatoa chozi hata moja. Mimi nilijua tu kwamba rafiki amehama, nikamnunulia baiskeli.

Kwa hiyo kila Jumanne saa kumi na nusu nakaa kwenye darasa la watoto wadogo pamoja na wazazi wengine saba, kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia masikio. Mshauri wetu ni msichana ambaye viatu vyangu vya kazi vina umri mkubwa kuliko cheti chake. Akikosa la kusema anasema "mmh". Ukikosa kikao kimoja unaanza upya. Nilimwambia mimi ni fundi lifti, watu wakikwama hawasubiri Jumanne ipite. Akasema "mmh".

Kikao cha kwanza alituomba kila mmoja aeleze jambo la kufurahisha kuhusu alivyolelewa. Wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa kama wanaosubiri sindano, nikaona niwachangamshe. Nikawapa hadithi yetu. Nikaisimulia kama unavyoisimulia wewe, na sauti zako zote: kwamba nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimepelekwa shule ya bweni, nikamwandikia baba yangu, msahihishaji wa prufu, zile karatasi za majaribio, katika kiwanda cha chapa, "Baba, hapa sina mahali pa kulia." Kwamba baba alifoka, "Mwanangu hana mahali pa kulia chakula?", akamwandikia mwalimu mkuu kurasa mbili zisizo na kosa hata la mkato. Na kwamba wiki haikuisha nikapewa kiti changu mwenyewe kwenye meza ya walimu, mbele ya shule nzima, na wenzangu wakaniita Mheshimiwa mpaka nikamaliza.

Baba, hakucheka mtu. Unajua hadithi hiyo haijawahi kukosa kicheko. Dereva mmoja wa katapila, mtu mnene kama mlango, akapenga kamasi. Halafu yule msichana akauliza, taratibu kabisa:

"Na wewe ulimaanisha kulia gani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kikatoka kicheko, changu peke yangu.

Sijui, Baba. Umeisimulia mara nyingi mno hata ninachokumbuka ni njaa. Lakini shule ile chakula kilikuwa kingi, tulikuwa tunamwaga. Sasa hiyo njaa ninayoikumbuka nimeitoa wapi?

Barua hiyo ni yangu, niliiandika mimi. Nitumie.

Binti yako

*

22 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia goti limepona. Hapa kifua kinasumbua kidogo nikilala chali, kwa hiyo nalala nimekaa kama abiria. Bwana Redio amesafiri wiki nzima na nimegundua kwamba ukimya wa upande ule unaniudhi vilevile.

Narudisha barua yako ya tarehe 1 Machi. Nimesahihisha mahali sita. Usikasirike, ni mkono tu, ulikwishamaliza kabla sijauzuia.

Sasa kuhusu neno lenyewe. Kulia, kama ujuavyo, lina maana tatu. Kuna kulia kutoa machozi. Kuna kulia kutoka kwenye kula, yaani kula mahali fulani au kwa kitu fulani: chumba cha kulia, kijiko cha kulia. Na kuna kulia ule mkono ambao si wa kushoto. Maana huamuliwa na maneno yanayolizunguka. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya kazi yangu, nimeifundisha kwa vijana wote waliopita mikononi mwangu: usiliguse neno kabla hujasoma la mbele yake na la nyuma yake.

Na huyo mshauri wako, nani amemtuma kunihariri mimi? Nililea peke yangu. Mama yako tulimzika mwezi wa tano, na wiki tatu baadaye nilikuwa nimekushika mkono kwenye lango la shule ile, na sanduku kichwani. Hapakuwa na viti vya duara wala mtu wa kuniambia "mmh". Ningeambiwa nikakae kwenye kiti cha mtoto nizungumzie alivyonilea baba yangu, ningeikunja barua yao ya wito nikawarudishia na makosa yamepigiwa mistari.

Barua siwezi kuituma. Karatasi imechakaa, itakatika njiani. Na wala usimwambie muuguzi aipige picha kwa simu yake. Alikwishanipiga picha mimi nimelala mdomo wazi, akawatumia wenzake.

Msalimu mjukuu wangu. Mwambie babu anauliza, kabati lina nafasi ya watu wangapi?

Baba yako

*

14 Aprili

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Kengele amecheka swali lako. Anasema kabati ni la mtu mmoja, lakini babu akikonda zaidi anaweza kujaribu.

Hiyo ndiyo habari njema, imekwisha.

Nimepata barua yangu mwenyewe ikiwa na wino mwekundu mahali sita. Nina miaka arobaini na minne, Baba. Naongoza mafundi tisa. Nimeirudisha kwenye bahasha nikaitoa tena mara tatu, nikijiambia huenda na jibu limo humo na mimi sikuliona kwa hasira. Halimo. Nimepewa somo la sarufi, tena zuri, ningekuwa darasani ningepiga makofi. Sikuuliza neno lina maana ngapi. Niliuliza mimi, siku ile, kwenye karatasi ile, nilimaanisha ipi.

Na usimfokee yule msichana, nakuomba. Si kwamba nimeanza kumpenda. Kikao cha tatu nilikwenda nimejiandaa kumweleza kwamba mimi sina tatizo, mtoto wangu hakosi kitu. Akaniuliza kuhusu kazi.

"Mtu akikwama kwenye lifti, ukifika unaanza na nini?"

"Naongea naye. Kuna kisanduku cha kuongelea."

"Unamwambia nini?"

"Kwamba nipo. Namuuliza jina lake, kama anapumua vizuri. Sigusi kitu mpaka anijibu."

"Kwa nini usianze kutengeneza?"

"Kwa sababu akisikia vyuma vinagongwa na hajui ni nani, atapagawa."

Akasema "mmh". Yule dereva wa katapila akageuka akanitazama kama mtu aliyeona nimekanyaga kitu. Nilitaka kumpiga na kile kiti kidogo, yeye na yule msichana, kwa sababu nilikwishaelewa.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza Kengele kwa nini halii nyumbani. Hakufikiria hata kidogo. Akasema, "Nyumbani nikilia, mama, wewe unatengeneza."

Nikamwambia, "Sasa si ndiyo vizuri?"

Akasema, "Lakini mimi sijaharibika."

Halafu akaongeza, mdomo umejaa mkate: "Wewe mbona hulii? Hujui?"

Sasa unaona ninachokutafutia, Baba? Sitafuti makosa yako. Nataka kujua kama niliwahi kujua. Kama mtoto yule wa miaka kumi na mmoja alikuwa na njaa, basi sawa, nilizaliwa hivi, nitajifunza kama watu wanavyojifunza kuendesha gari uzeeni. Lakini kama alitaka kulia, basi nilikuwa na kitu kikapotea, nami nataka nijue kilipotelea wapi. Mtu mwenye ushahidi ni mmoja tu, na moyo wake umechoka, na anasoma sarufi.

Nitumie barua. Ikikatika nitaiunga.

Binti yako

*

2 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Nilikuwa hospitali siku nne, ndiyo maana nimechelewa. Usije mbio. Waliniwekea mpira wa hewa puani, wakanitoa maji kwenye mapafu, wakanirudisha nimepungua kama nguo iliyofuliwa. Kitanda cha pembeni alikuwepo mzee aliyelia mchana kutwa kwa sauti, mbele ya watu, wageni wake wakiendelea kumenya machungwa. Sikujua nitazame wapi.

Muuguzi siku hizi ananikatia kucha. Hatugombani sana. Amejifunza kuandika "mgonjwa".

Nimeona vyema uipate barua bila kuhatarisha karatasi. Nimeketi siku mbili, nimeinakili kwa taipureta yangu, na hii hapa nakala yake. Utaona ni kama nilivyoisimulia siku zote. "Baba, hapa sina mahali pa kulia." Umeandika mwenyewe. Sasa shauri limekwisha, tuongee mengine.

Hiyo habari ya lifti ni nzuri. Sikujua kama kazi yako ina kuongea.

Baba yako

*

23 Mei

Baba, shikamoo. Pole sana kwa hospitali. Nimempigia muuguzi, ameniambia ukweli wote ambao wewe ulinipimia kwa kijiko. Nimemshukuru. Ameniambia pia kwamba unaficha bahasha chini ya mto kila anapokuja kutandika, na kwamba anajifanya haoni.

Nakala nimeipata. Mume wangu alisema, "Haya, si umepata ulichotaka?" Nikampa aisome. Akasema, "Mtoto gani huyu anaandika kama hati ya mahakama?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Baba. Nilikuwa siweki nukta. Ulinipigia kelele kwa nukta hizo utoto wangu wote. Kwenye nakala yako kila sentensi ina nukta yake, na "shikamoo" imeanza kwa herufi kubwa.

Lakini si hilo. Baada ya maneno "sina mahali pa kulia" umeacha nafasi. Nimeipima, vidole viwili. Kisha sentensi inayofuata inaanza, "Nisalimie wote." Wewe hujawahi kuacha nafasi tupu kwenye ukurasa maisha yako yote. Nilikulia mezani kwako, nikichezea vipande vya prufu, na ulinifundisha mwenyewe: maneno yakiondolewa, mahali pake hupaachi wazi, unapafunga, isipokuwa kama kuna kitu kitakachorudi. Mkono wako umeshindwa kusema uongo, Baba. Mkono huo huo unaosahihisha kabla hujauzuia.

Kuna sentensi hapo. Umeiruka.

Sitakuuliza tena ni ipi. Nimechoka kuuliza, na nikiuliza unanipa sarufi. Nitakueleza tu jambo lililotokea Jumamosi, kisha nifunge.

Kengele aligombana na mtoto wa jirani, akaingia bafuni akajifungia. Nikasikia. Nikasimama na bisibisi mkononi, kwa sababu nilikuwa natengeneza kitasa cha jikoni, na kitasa cha bafuni nakiweza kwa nusu dakika. Miguu ilikwishafika. Mshauri alituambia: usigonge, usifungue, mwambie tu kwamba upo. Naapa nilimchukia yule msichana kwa dakika nzima. Halafu nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, nikasema kama ninavyosema kwenye kile kisanduku: "Mama yupo hapa. Sigongi. Chukua muda wako."

Alilia kwa sauti, Baba. Kama zamani, mtaa ukasikia. Mimi nilikaa pale nikiishika bisibisi kwa mikono miwili kama mshumaa. Alipomaliza akafungua mwenyewe, akaniangalia, akaniambia, "Umekaa kwenye maji." Ni kweli, nilikuwa nimekaa kwenye maji.

Vikao, baada ya kukosa kimoja na kuanzishwa upya, vinakwisha mwezi ujao. Nakuja tarehe 9 Julai, mimi na yeye. Shada la maua sileti, najua unavyolichukia. Nisubiri.

Binti yako

*

19 Juni

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi siko vizuri. Nimemwomba muuguzi aandike nikisema, akaandika maneno mawili nikamwona anasubiri nimsahihishe, nikachukua kalamu mwenyewe. Kwa hiyo vumilia mwandiko. Siisomi mara ya pili. Makosa yatakayokuwemo yaache humo.

Tarehe 9 Julai nimeizungushia duara kwenye kalenda. Daktari ameitazama kalenda hiyo, akaanza kuniulizia redio ya jirani. Huenda ukanikuta. Nataka barua hii ikutangulie, maana nikikuona uso kwa uso nitaanza kukuuliza hali ya hewa.

Ile habari ya bafuni nimeisoma mara moja tu. Sikuweza mara ya pili. Muuguzi aliingia akanikuta, akasimama. Nilidhani atakwenda kuandika. Akalifunga daftari, akatoka, akarudisha mlango. Nikamsikia amekaa kwenye kiti cha ukumbini. Hakugonga.

Sasa nikueleze kuhusu mimi kwanza, kisha kuhusu karatasi.

Kiwandani kulikuwa na mashine mbili kubwa za kuchapa. Ile ya pili, ya zamani, ilikuwa na kelele kiasi kwamba mafundi walizungumza kwa vidole. Nyuma yake palikuwa na upenyo wa mtu mmoja, kati ya mashine na ukuta, penye marobota ya karatasi. Tangu wiki ile tuliyomzika mama yako, kila siku saa nne mashine ikiwashwa nilikuwa nachukua prufu yoyote mkononi, naingia pale, nalia mpaka inapozimwa. Miezi saba. Hakuna aliyejua. Wakiona macho mekundu walisema ni wino, au ni kusoma sana, wakanisifu. Hata uziwi huu niliupata pale. Nimewaambia watu ni uzee.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na mahali. Nakuandikia hili ujue kwamba sikuwa mtu asiyejua kitu hicho ni nini wala kwamba kinahitaji mahali. Nilikuwa najua kuliko mtu yeyote mjini.

Barua yako ilinikuta kazini, saa nne kasorobo. Niliisoma nimesimama, naisubiri mashine.

Na shuleni kwako waliniita. Hilo pia hujui. Kabla sijajibu barua yako, mlezi wa bweni alikwishaniandikia kwamba mtoto hali vizuri, halali, na kwamba ameona wazazi kadhaa waliofiwa, angependa nije tukae, mimi na yeye na wewe, tuzungumze. Alitumia maneno hayohayo, ushauri nasaha. Niliyapigia mstari mwekundu, nikaandika pembeni "chagua moja", nikamrudishia. Hakuandika tena.

Kula ningeweza kukutafutia nikiwa mezani kwangu, kwa kurasa mbili. Hilo jingine ningelazimika kuja, nikae mbele yako, na nikikuona unalia nisingekuwa na mashine ya kunifunika.

Basi nikachagua maana. Nikaandika kwa mwalimu mkuu. Wakakuweka kwenye meza ya walimu, mbele ya macho mia nne, ambako hata ungetaka vipi usingeweza. Ulipokuja likizo ulikuwa mkavu, mtulivu, unaweka nukta. Nikawaambia watu, tazama, shule imemkomaza. Nikaanza kuisimulia ile hadithi, na walipocheka mara ya kwanza nilipumua. Kila walipocheka nilipumua. Ndiyo maana niliisimulia sana.

Karatasi yenyewe nimeifunga humu. Si nakala. Muuguzi ameiwekea kadibodi mbele na nyuma isikatike. Itakuonyesha herufi zako, zimelala upande kama nyasi, hakuna nukta hata moja. Ni mistari tisa. Wa tano ndio huo tunaoujua wote, "baba hapa sina mahali pa kulia".

Wa sita niliukata kwa kalamu nyekundu, na pembeni nikaweka alama ya kufuta, kama prufu. Sikuusimulia kwenye harusi yako wala kwa mtu yeyote, na kwenye nakala nikaacha nafasi yake. Wino wangu umefifia. Penseli yako haikufifia, inasomeka vizuri kabisa:

"nimejaribu chooni lakini wanagonga mlango"

Hakuna mtoto anayejaribu kula chooni. Nilijua, mwanangu. Nilijua kabla sijaifungua kalamu.